Taa ya Kulia

Baba Saumu,

Huna adabu. Hilo nakwambia kwanza, salamu utaipata baadaye. Miaka ishirini na mbili umeendesha basi katika mji huu, na kila ukirudi nyumbani, hata viatu hujavua, kazi yako ilikuwa kuwasema madereva wa London. Yule kakata kona bila indiketa. Yule kafunga breki na taa zake za nyuma zimekufa. "Anayekufuata ana haki ya kujua unataka kufanya nini, Mama Saumu." Nimelisikia neno hilo mpaka nikaliota. Halafu wewe huyo huyo, Jumanne asubuhi, umeinama mlangoni unafunga kamba za viatu, ukakata kona yako bila taa, bila honi, bila hata kuniita jina. Na aliyekuwa nyuma yako ni nani? Ni mimi, nimeshika birika la chai.

Haya. Assalaam alaykum.

Najua barua haifiki huko. Dua ndiyo inayofika, na nakuombea kila swala, usiwe na wasiwasi. Lakini kwenye dua siwezi kukugombeza, ni aibu, na mimi nisipokugombeza kifua kinajaa. Ndiyo nimekaa mezani na daftari la zamani la Saumu. Mwandishi wa nyumba hii ulikuwa wewe. Mimi elimu yangu ni ngumbaru tu, kule Tanga, na mwalimu mwenyewe alikuwa mtoto mbele yangu. Kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka, nyamaza, soma hivyo hivyo.

Nataka tuzungumze habari ya taa. Zile taa za kufunga nyuma ya kile kigari, Kibiriti. Usigeuze uso. Tuliliacha jambo katikati, na kosa ni langu, na sikukwambia hivyo ulipokuwa hai kwa sababu neno hilo mdomo wangu haujalizoea.

Nianze mwanzo, maana siku hizi nasahau kipi nilikwambia na kipi niliwaza tu.

Ulipostaafu ulitakiwa ukae. Wenzako wa pale msikitini wamestaafu wakakaa, wanakunywa kahawa, wanasema serikali. Wewe ukaja na motahomu. Niko dirishani, orofa ya tatu, naona jumba jeupe linaingia uani kwetu hapa Woolwich kwa kurudi nyuma, linapiga honi, na ndani yake mume wangu ananipungia mkono. Nikashuka kuliangalia. Lina kitanda, lina jiko la gesi, lina choo ambacho mtu akikaa magoti yanagusa mlango. Nikalizunguka mara moja. Nikasema, "Nimetoka nyumba ya udongo, nimefika nyumba ya matofali, leo unanirudisha nikalale ndani ya gari kama gunia?"

Ukacheka. Ukasema unataka kunipeleka Skotlandi, juu kabisa, ramani inapoishia, ukanionyeshe jua la saa nne usiku.

"Jua la saa nne usiku," nikasema. "Na Magharibi tutaswali saa ngapi? Na Isha?"

"Nimeshamuuliza shehe."

Ulikuwa umeshauliza kila kitu. Hilo ndilo linaloniuma. Hata goti langu ulikuwa umelifikiria. Motahomu likishapaki huko makambini halisogei, ukasema, na goti lako kilima halipandi, kwa hiyo tutavuta na Kibiriti nyuma. Tukifika tunakifungua, nakuendesha mpaka mguu wako uguse maji. "Au unaniendesha wewe, ukitaka."

Kibiriti jina ulikipa wewe, kwa kuwa ni kigari kidogo, chekundu, na asubuhi za baridi hakiwaki mpaka ukijaribu mara ya tatu. Lakini kilikuwa changu. Unajua nilivyokipata. Mtihani wa udereva nilianguka mara nne. Mara ya tano, yule mama mtahini aliposema nimepita, nilimwambia arudie. Nilikuwa na miaka hamsini na moja. Katika nchi hii nyumba iliandikwa jina lako, simu jina lako, gesi jina lako, hata kwa daktari nilikuwa mke wa fulani. Kadi ya Kibiriti ndiyo karatasi ya kwanza iliyokuja kwa posta na mimi peke yangu ndani yake: Mwanaisha Omari. Nilikuwa naitoa kabatini naisoma. Ulidhani sijui kwamba unaniona. Nilijua.

Basi mwezi wa tano tukaenda lile duka la vifaa vya makaravani, zile nyumba za kuvutwa na magari, nje ya mji, njia ya kwenda Kent. Mwenye duka mzungu wa masharubu mekundu, akatupangia taa juu ya kaunta kama anauza samaki. Kulikuwa na taa mbili za sumaku, zenye waya mrefu; unazibandika kwenye bati la gari, safari ikiisha unazibandua. Kulikuwa na ubao, yaani bamba refu la kufunga kwa mipira kule nyuma, lina taa za breki na indiketa huku na huku, pembetatu nyekundu za kung'aa, na katikati nafasi ya namba. Na kulikuwa na namna ya tatu, ambayo hakuiweka juu ya kaunta, aliionyesha kwa mikono tu: fundi anafungua gari la nyuma, anaunganisha nyaya zake na za gari la mbele, na ukikanyaga breki huku, taa za kule zenyewe zinawaka.

Hiyo ya tatu ndiyo uliyoitaka. Niliona macho yako. Nikasema hakuna atakayekata waya wa gari langu, si wewe, si yeye. Ukasema hewala, basi tuchukue ubao. Ndipo yule mzungu akasema lile neno, na wewe badala ya kulimeza ukanitafsiria. "Anasema sheria inataka gari la nyuma livae namba ya gari la mbele."

"Na namba ya Kibiriti?"

"Inafunikwa."

Mungu wangu. Nakumbuka nilivyoweka mkoba chini. "Mwambie," nikasema, "uliponioa sikuacha jina la baba yangu. Wanawake wa kwao ndio wanaobadilisha. Mimi niliingia kwako Binti Omari na mpaka leo ni Binti Omari. Sasa gari langu lifunikwe jina lake, livishwe namba ya mwanamume, livutwe kwa pua mpaka Skotlandi?"

Yule mzungu akauliza ninasema nini. Ukamjibu kwa Kiingereza chako cha basi, na Kiingereza hicho nakielewa vizuri sana. Ulimwambia, anasema atafikiria.

Ukacheka njia nzima mpaka Plumstead. "Kwa pua!" unasema, unapiga usukani. "Kwa pua!" Ulidhani ni mzaha. Mimi nilikuwa nimeangalia dirishani, sicheki.

Ili kuniridhisha ukaenda kuazima za sumaku kwa dereva mwenzako. Tujaribu kwanza hapa mtaani, ukasema, mambo ya namba tutayaona. Ukakifunga Kibiriti kwenye kile chuma cha kuvutia, ukabandika taa, ukaniweka nyuma nikutazamie. Wewe uko mbele kabisa kwenye motahomu, kichwa nje ya dirisha.

"Ya kushoto?"

"Imewaka!"

"Ya kulia?"

"Imewaka!"

Na hapo ndipo ulipouanza ule utani wako, mtaa mzima unasikia. "Ya kulia ya gari inawaka! Ya Mama Saumu ndiyo iliyoungua balbu!" Kwa sababu silii. Simu ya msiba wa mama yangu ilipokuja ulikuwepo; nilikata vitunguu bakuli zima na jicho halikutoka kitu. Ulikuwa unaniogopea, najua, ndiyo maana ulifanya utani. Nilikwambia funga mdomo uendeshe gari.

Tukazunguka mtaa. Tuta la kwanza tu, taa ikaruka. Hatukujua. Tunaendelea zetu, nasikia kelele nyuma, kutazama kwenye kioo, kuna mama wa Kinaijeria ametoka sokoni, mifuko mkono huu, taa yetu mkono ule ameinua juu, waya unaburura, anakimbia anatutukana. Ukashuka ukampa mikono yote miwili. Na taa ukairudisha kwa mwenyewe siku ile ile. "Taa itakayomdanganya anayenifuata siifungi," ukasema. "Afadhali tukae nyumbani."

"Basi tukae," nikasema.

Tukakaa.

Ukapita mwezi wa sita, ukapita wa saba. Jua lako la saa nne usiku likawawakia wengine huko juu, likapungua, likaenda zake. Kila siku mbili tatu, kwenye chai, unaniuliza taratibu, "Binti Omari, umefikiria?" Najibu, "Bado."

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nimeshakubali. Tangu mwanzo wa mwezi wa saba nilikuwa nimekubali, ubao, namba, na yote. Ila nilipenda kubembelezwa. Umri wote ulikuwa zamu ya asubuhi, zamu ya jioni, ukirudi umechoka unalala na sahani mkononi. Leo nina mume nyumbani mchana kweupe ananibembeleza kama mchumba, niharakishe niende wapi? Nikajiambia, kiangazi kingine kipo. Ndivyo nilivyojiambia, mwanamke mzima niliyezika wazazi na ndugu.

Halafu mwezi wa tisa ukaja na boksi. Ukaliweka mezani hapa hapa ninapoandika, kati ya sahani ya samaki na bakuli la kachumbari. "Fungua," ukasema.

Nikaona picha ya taa ubavuni mwa boksi. Nikasema moyoni, kumbe ameamua bila mimi. "Sifungui. Kula, chakula kinapoa."

"Fungua tu, Binti Omari."

Hukupandisha sauti. Na mimi nikalisukuma boksi kwa kiwiko. Kwa kiwiko, Baba Saumu, kama mtu anamwondoa paka mezani. Likafika ukingoni, ukalidaka. Ukakaa ukala. Ukasema samaki mtamu. Ukimaliza ukashuka nalo chini kwenye motahomu, ukarudi mikono mitupu, na hatukulitaja tena. Siku kumi na moja baadaye ukainama kufunga viatu.

Nimekaa eda. Miezi minne na siku kumi, humu ndani, sikuvuka kizingiti. Walikuja wanawake, wa Tanga wenzetu, Wakenya wa Wembley, mpaka wale ambao ulikuwa unawapakia kwenye basi asubuhi za kwenda kufanya usafi maofisini. Wakalia. Mimi sikulia. Nilimsikia mmoja jikoni anamnong'oneza mwenzake kwamba nina moyo wa jiwe. Nikapita katikati yao nikachukua sukari.

Lakini dirisha la chumba chetu linatazama uani, na uani lipo motahomu. Mjane mwingine anakaa eda anatazama ukuta, mimi nilipewa hilo. Majani yalianguka juu ya paa lake yakaoza. Njiwa wakalifanya choo. Mwaka elfu mbili, uliopigiwa kelele dunia nzima, ulinikuta edani natazama paa la gari. Na eda ilipokwisha sikulisogelea. Mwaka mzima na zaidi nikienda sokoni napita pembeni yake kama watu tuliogombana. Zilikuja barua za kahawia za serikali, habari ya gari, zina jina langu. Nikajua ni za Kibiriti, nikazitia kwenye kopo la biskuti.

Mengine yaliyobadilika ni machache. Dereva mpya wa njia yako anafunga breki kama anakanyaga nyoka. Nilimwendea pale mbele nikamwambia, na sasa akiniona kituoni anasimama taratibu. Saumu amekuwa nesi mkubwa, anawaamuru watu wazima nao wanaitikia. Kiswahili chake ni kile kile: Kiingereza kinatangulia, Kiswahili kinavutwa nyuma, tena bila taa.

Yeye ndiye aliyeleta mnunuzi. Mwezi uliopita. "Mama, plizi, linaoza tu pale, kila ukifungua pazia unaliona." Nikasema liende. Nisikufiche, nilisema liende, nilitaka dirisha langu. Kesho yake mnunuzi akaja, akalizunguka, akapiga magurudumu teke, akaomba kadi ya gari. Tukaitafuta kwenye droo, kwenye koti lako, chini ya godoro. Haipo. Nikachukua ufunguo nikashuka mwenyewe.

Sikuwa nimeingia humo tangu uondoke. Harufu ya kofia yako bado ipo. Umetundika vikombe viwili. Na kila kitu umekibandika utepe na maandishi yako makubwa, kama kawaida yako: CHUMVI. GESI FUNGA. KIBLA ANGALIA DIRA. Mlangoni pale kuna kigoda cha plastiki cha kukanyagia, nikakipita bila kukitazama, nikarudi kukitazama. Umeandika: GOTI.

Nikakipangusa vumbi kwa kiganja.

Boksi lilikuwa chini ya kiti cha mezani. Nikalifungua, nikiwa nimechelewa karibu miaka miwili. Ndani yake ubao, umeshaufunga kibao cha namba katikati, umenyooka, skrubu nne. Kwenye taa ya upande mmoja umebandika utepe: KULIA INACHEZACHEZA, NITAITAZAMA. Na chini ya ubao, bahasha, na ndani ya bahasha, kadi.

Nikatafuta jina lako nimpelekee Saumu. Sikuliona. Nikasema ni miwani. Nikasogea mlangoni kwenye mwanga. Kiingereza sikijui kusoma, lakini yale maneno mawili nayajua, ndiyo ya kwanza niliyofundishwa ngumbaru kuyaandika ubaoni mbele ya watu. Mwanaisha Omari.

Motahomu umeliandikisha jina langu. Ile namba ilikuwa yangu. Kibiriti kilikuwa kivae namba ya Binti Omari, kivutwe na gari la Binti Omari, na wewe uwe dereva tu wa kuajiriwa, kama ulivyozoea. Na za kwenye kopo la biskuti nilimpa Saumu azisome siku ile ile: nusu yake zilikuwa za motahomu. Serikali nzima ilikuwa inaniambia, mimi nafunika kopo.

Kwa nini hukusema? Mwanamume gani anafanya jambo kama hilo halafu ananyamaza, anakula samaki? Ungesema, Binti Omari, mna kadi yako humo. Maneno sita. Ungenipiga nalo kichwani hilo boksi! Ungeni...

La. Nisikugeuzie kibao. Ulisema "fungua" mara mbili. Mimi ndiye mwenye kiwiko.

Nikatoka nje nikamwambia mnunuzi haliuzwi. Saumu akashika kiuno. "Mama! Jana ulikubali!"

"Jana lilikuwa la baba yako," nikamwambia. "Leo ni langu."

Akaitazama kadi. Akanitazama. Akaingia ndani ya motahomu akajifungia muda mrefu, nikamwacha.

Orofa ya chini amehamia jirani, Papa Amani, mtu wa Bukavu. Kwao alikuwa fundi umeme, hapa anasafisha maofisi, na ukimpa waya ashike uso wake unabadilika. Jumapili iliyopita nilimwita. Akaosha plagi, akafunga ubao nyuma ya Kibiriti, akavuta waya mpaka motahomu. Saumu akakaa kwenye usukani. Mimi nikasimama pale pale ulipokuwa ukiniweka.

Papa Amani kulia kwake ni kuume. "Mama, ya kushoto?" Nikasema imewaka. "Na ya kuume?" Nikasema haiwaki. Akachuchumaa akaifungua. "Sijue nani alifunga hii ubao," akasema, "lakini alifunga muzuri. Ni kutu tu, ilikula hapa." Nikamwambia aliyeifunga alikuwa bado hajamaliza. Akapangusa, akakaza, utepe wako akauacha mahali pake bila kuambiwa.

Ndipo Saumu akafungua dirisha, akatoa kichwa nje. Nadhani siku ile ya sumaku alikuwa amekuja kututembelea akatusikia, mimi sikumfundisha. Hakutanguliza Kiingereza. Aliita kwa ile sauti yako ya kupita magari:

"Ya kulia?"

Tangu ufe hakuna mtu aliyeniuliza hilo. Akaita tena, "Mama! Ya kulia?" Papa Amani akanitazama, kisha akageuka upande wa pili akaanza kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Inawaka," nikasema.

Na ilikuwa inawaka, Baba Saumu. Ya gari, na ya kwangu. Usicheke. Niliegemea buti la Kibiriti nikalia mpaka Saumu akashuka, naye akaanza, tukawa wawili, na ile taa ya kulia inawaka na kuzima kati yetu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima.

Taa nimechagua, basi. Papa Amani anasema kazi nzuri zaidi ni ile ya kuunganisha nyaya za ndani, ile ile uliyoitaka wewe. Leo ungerudi ningekuruhusu ukate nyaya zote za Kibiriti, na za jokofu pia. Lakini ubao ndio ulionichagulia, na ubao ndio unaokwenda.

Tunaondoka Jumamosi. Saumu amechukua likizo. Namba imepanguswa, kofia yako nimeiacha ilipo. Najua sitakuona huko. Nitakachofanya ni hiki, na nakuahidi: tukifika pale ramani inapoishia, nitakitoa kigoda cha GOTI nikikalie nje, na hilo jua la saa nne usiku likinikuta nitakusomea Yasini mpaka mwisho, halafu nitasema kwa sauti, Saumu akisikia na asikie, kwamba nilikosa. Tena nitasema mara mbili, kama wewe ulivyosema "fungua" mara mbili. Mungu atie nuru kaburi lako, dereva wangu, na anisamehe mimi na kiwiko changu. Nakuaga hapa. Mkono umechoka, na kalamu ya mwanao inavuja.

Na wewe Saumu, najua utaisoma hii, maana daftari ni lako na adabu huna, umechukua kwa baba yako. Jumamosi, kabla hujaachia breki ya mkono, fungua dirisha, toa kichwa nje, uniulize taa moja moja, kwa Kiswahili. Na usiondoe gari mpaka nimejibu.